Redio ya setilaiti kwenye Camry ya 1999: shida tatu zilizojifanya moja

Gari ni Toyota Camry ya 1999, bado ina redio yake ya kiwandani yenye kaseti na CD, na mwenyewe ni mzee mmoja anakaa Des Moines, Iowa. Binti yake kaolewa Salt Lake City, Utah, kwahiyo mzee kila akipata nafasi anashika barabara kuu ya I-80 kuelekea magharibi, anaimaliza Nebraska, anaimaliza Wyoming, ndo anafika kwa wajukuu. Anayeijua hiyo njia hatauliza kwanini mtu anataka redio ya setilaiti, ile inayopokea matangazo moja kwa moja kutoka angani. Ukishauacha mji wa Laramie, Wyoming, nyuma yako kuna vipande virefu simu haishiki kitu, na FM unazungusha mpaka namba zinaisha zinaanza upya. Programu ya kwenye simu inakufaa mjini, kule haina pa kushika. Mzee alitaka vitu viwili tu, BBC World Service ajue dunia imeamkaje, na mpira. Akaenda duka flani wakamuuzia na kumfungia redio ndogo ya SiriusXM, kampuni ya redio ya setilaiti ya kulipia ya Marekani, ile redio unayoipachika kwenye kishikizo chake pale dashibodi na ukitaka unaichomoa unaingia nayo ndani.

Alivyonijia malalamiko yake yalikuwa sentensi moja: "Fundi, hii kitu inakata na inapiga kelele." Alisharudi dukani, wakamwambia redio ni mbovu, akanunua nyingine, ikafanya vilevile, na sasa alishaanza kuamini kwamba gari ndo zee mno halikubali vitu vya kisasa. Hapo ndo niliposhika moyo, kwa sababu ile Camry haina kosa lolote na naona watu wengi wanaishia hapohapo, wanatupa redio nzima au wanatoa redio nzuri ya kiwandani, na tatizo linabaki limekaa kwenye waya vilevile.

Kitu cha kwanza cha kukielewa, na ukikishika hiki nusu ya kazi imeisha: redio ya setilaiti haikwaruzi. Mawimbi yake ni ya kidijitali, yanakuja kwenye masafa ya 2.3 GHz hivi, na kipokezi kina mawili tu, ama kimepata data ya kutosha kinakupa sauti safi, ama hakijapata kinanyamaza kimya. Ile shhhh, ile stesheni nyingine kuingilia katikati ya taarifa ya habari, ule mluzi unaopanda na kushuka kadri unavyokanyaga mafuta, hakuna hata kimoja kinachotoka angani. Hivyo vyote vinaingia mbele ya hapo, kwenye njia ya sauti kutoka kale karedio mpaka spika za gari. Kwahiyo mtu akikwambia "inakata na inapiga kelele" ameshakwambia ana matatizo mawili tofauti, ye mwenyewe hajui tu.

Nikamwambia mzee kabla sijagusa bisibisi naomba unihadithie, inakata wapi na inapiga kelele wapi. Mwanzoni akasema popote. Nikamuuliza taratibu, safari ya Chicago ikoje, safari ya kwenda Minneapolis kwa ndugu yake ikoje, ya Salt Lake ikoje. Na hapo picha ikaanza kutoka yenyewe, maana mzee ana kumbukumbu nzuri. Chicago, katikati ya magorofa kabisa, haikati hata kidogo ila kelele ni balaa, muziki wa watu wengine unaingia. Kwenda Minneapolis kwa I-35, mashamba matupu kulia na kushoto, hakuna kelele ila inakata kata mpaka anaizima. Kurudi kutoka Minneapolis, barabara ileile, inacheza vizuri. Soma tena hiyo ya mwisho. Barabara ni moja, redio ni moja, kwenda inakata na kurudi haikati. Redio mbovu haijui unaelekea kaskazini au kusini.

Halafu akakumbuka na ya tatu, hakuwa ameitaja sababu aliona ni ileile: wakati mwingine akipita kwenye shimo redio inazima kabisa na kuanza upya, ile nembo inatokea kwanza. Hii sio kukata. Kukata ni skrini inawaka na inakwambia hakuna mawimbi. Skrini ikizima hiyo ni habari ya umeme. Basi tukawa na tatu.

Tuanze na hiyo ya kaskazini na kusini.

Setilaiti hizi zimekaa juu ya ikweta. SiriusXM zamani zilikuwa kampuni mbili. XM ilipoanza mwaka 2001 ilitumia mbili, zikawekwa kwenye longitudo ya nyuzi 85 na 115 magharibi. Sirius ilianza 2002 na ye alikuwa na mpango tofauti, setilaiti tatu zinazozunguka kwa njia ndefu ya yai ili ziwe juu zaidi kwa watu wa Marekani, halafu kampuni mbili zikaungana 2008 na za siku hizi zinakaa palepale juu ya ikweta. Kwa mtu aliyeko Iowa maana yake ni kwamba setilaiti ziko kusini, na haziko utosini, ziko kama nyuzi 40 hivi kutoka upeo wa macho. Sasa lile duka lilikuwa limebandika antena ndani ya gari, juu ya dashibodi, kwenye kona chini ya kioo cha mbele. Gari likielekea kusini antena inatazama setilaiti kupitia kioo, raha. Likielekea kaskazini, setilaiti ziko nyuma ya dereva na paa lote la bati limekaa katikati. Hiyo ndo I-35 ya mzee. Likielekea magharibi au mashariki inategemea nguzo ya kioo iko wapi na barabara imepinda kiasi gani, ndo maana kwenye I-80 alikuwa anapata nusu nusu na haelewi.

Na Chicago je, mbona magorofa hayakuikata? Hapo ndo penye kuwachanganya wengi. Kwenye miji mikubwa kuna minara ya ardhini inayorusha upya matangazo yaleyale, iliwekwa kwa sababu hiyohiyo ya magorofa kuziba anga. Kwahiyo antena mbovu mjini inaonekana nzima. Fundi akiijaribu mbele ya duka mjini anakuta mistari imejaa, anakukabidhi funguo, na wewe unakuja kuligundua tatizo kilomita mia mbili mbele. Hizi redio nyingi zina ukurasa kwenye menyu unaoonyesha nguvu ya setilaiti mstari wake na nguvu ya minara mstari wake. Nilipofungua huo ukurasa na kumwambia mzee azungushe gari kwenye uwanja wazi, pua ikielekea kusini mstari wa setilaiti unajaa, pua ikielekea kaskazini unaporomoka. Mzee aliuona mwenyewe kwa macho yake, na hapo akaniamini kuliko maneno yoyote ambayo ningemwambia.

Dawa ya hiyo ni moja, antena itoke nje ikae juu ya paa. Sio kwenye buti, sio kwenye bampa, paa. Ile antena ndogo ya sumaku imetengenezwa ikae juu ya bati pana, bati linasaidia kuipokelea, na inatakiwa iwe mbali kidogo na ukingo wa paa ione pande zote. Camry ya miaka hiyo paa lake ni chuma, sumaku inashika vizuri. Wenye magari ya paa la alumini au fiba ndo wanahitaji utaratibu mwingine. Na tafadhali osha na ukaushe pale unapoibandika, mchanga ukibaki chini ya sumaku unakwaruza rangi kila gari linapotikisika.

Waya wa antena ndo kazi yenyewe, na ndo sababu watu wanakimbilia dashibodi. Una urefu wa futi 20 na kitu na haukatwi. Narudia, haukatwi na hauungwi. Ndani ya antena kuna kikuza mawimbi kidogo ambacho kinapata umeme wake kupitia waya huohuo kutoka kwenye redio, kwahiyo ukiukata, ukiuminya kwenye bawaba au ukiupinda kwa nguvu umeua vyote viwili kwa pamoja, mawimbi na umeme, na redio itakuandikia uangalie antena. Mi niliiweka nyuma ya paa katikati, waya ukashuka ukiwa umefichwa chini ya mpira wa kioo cha nyuma, ukaingia kwenye buti kwa pembeni kwenye mpira wa buti, juu, sio kule chini kwenye kona maji yanakokusanyika. Kabla haujaingia ndani niliuachia mbonyeo kidogo wa kushuka ili tone la maji likifuata waya lidondokee pale badala ya kusafiri mpaka kwenye kapeti. Toka buti ukapita chini ya kiti cha nyuma, ukafuata vizingiti vya milango ya upande wa abiria chini ya zile plastiki, ukapanda nyuma ya droo ya dashibodi. Uliobaki niliuzungusha duara kubwa legelege nikaufunga kwa tai. Usiubane duara dogo.

Kwenye magari ya karibuni yenye airbegi za pazia kwenye nguzo za mbele, usipitishe waya ukakatiza mbele ya airbegi, pita nyuma yake au tafuta njia nyingine. Hii ya mzee pazia haina, lakini ina airbegi za mbele, na kwa kuwa nilikuwa natoa plastiki na redio nilichomoa hasi ya betri nikasubiri. Toyota wenyewe wanasema sekunde 90 angalau kabla ya kugusa chochote cha karibu na huo mfumo. Viunganishi vya njano mle ndani ni vya airbegi, hivyo usivipime kwa multimita wala taa ya kupimia, hata kwa kujaribu tu.

Sasa kelele.

Gari la 1999 halina tundu la AUX, lile la kuchomekea waya wa sauti kutoka nje, halina bluetooth, halina chochote. Sauti ya redio ya setilaiti lazima iingie kwa mlango mwingine, na duka lilichagua mlango rahisi kuliko yote, transimita ndogo ya FM iliyomo ndani ya redio. Unachagua masafa, wao walichagua 88.1, unaiweka redio ya gari kwenye 88.1 na imekwisha, hakuna hata skrubu moja iliyofunguliwa. Tatizo ni sheria na fizikia kwa pamoja. Marekani inaziwekea transimita hizi kikomo kidogo sana cha nguvu, maikrovolti 250 kwa mita ukipima umbali wa mita 3, yani kimakusudi isisikike mbali na gari. Wakati huohuo stesheni kubwa ya FM inaruhusiwa kurusha mpaka wati laki moja. Mwaka 2006 baadhi ya redio za XM na Sirius zilikutwa zinavuka hicho kikomo, zikasimamishwa kuuzwa mpaka zirekebishwe, kwahiyo usitegemee kwamba kuna toleo lenye nguvu zaidi ukilinunua litakuokoa. Mashambani 88.1 ikiwa tupu kale katransimita kanatawala, ndo maana kwenda Minneapolis hakukuwa na kelele. Chicago masafa yamejaa kuanzia chini mpaka juu, na 88.1 ina stesheni yake kabisa. Mzee alikuwa anasikia BBC na muziki wa wanafunzi kwa pamoja.

Umeona mambo yalivyokaa? Mjini minara inamfichia ubovu wa antena na FM inamtesa. Shambani FM inatulia na antena inamuumbua. Kila mahali kuna shida moja na nyingine imelala, ye anaona shida ni moja inayomfuata kila aendako.

Kuthibitisha nilitumia adapta ya kaseti, ile kaseti ya uongo yenye waya. Nikaitumbukiza, nikazima transimita, kelele zote zikaisha papo hapo. Adapta ya kaseti ni kifaa kinachodharauliwa lakini kwa gari la zamani kina sifa moja nzuri sana: sauti inaruka kwa sumaku kutoka kichwa kidogo cha adapta kwenda kichwa cha deki, hakuna waya unaogusana na mfumo wa redio ya gari, kwahiyo ule mluzi wa jenereta unaotokana na ethi mbili tofauti haupati njia ya kupita. Ningekuwa na deki nzima ningemwachia hiyo na tungemaliza. Ila deki ya mzee ni ya kujigeuza upande yenyewe na mikanda yake imechoka, ikikaa muda inadhani kaseti imeisha, inageuza, inashindwa, inaitema. Na zaidi ya hapo mzee ana kaseti zake za kwaya anazozicheza, alishanieleza mapema kabisa, "Mwanangu, chochote utakachofanya usiniondolee hii kaseti."

Na hapo ndo wengi wangemshauri atoe redio ya kiwandani aweke mpya. Hio njia sio mbaya, ntakuwa mkweli. Camry hii ina nafasi ya saizi mbili, milimita 180 kwa 100, redio nyingi za sokoni zinaingia na kuna soketi za kuunganisha bila kukata waya wa kiwandani hata mmoja. Unachukua redio iliyoandaliwa kwa SiriusXM, unaongeza kile kiboksi cha kupokea setilaiti, SXV300, nyuma yake, unapata skrini moja, sauti ya moja kwa moja, bila FM katikati. Gari likiwa la kijana anayetaka na bluetooth na kamera ya nyuma, ningesema fanya hivyo usiangalie nyuma. Lakini huyu ni mtu aliyeshanunua redio mara mbili, anasikiliza watu wanaoongea na kutangaza mpira, na anapenda kaseti zake. Kazi ya fundi ni kumtatulia mtu tatizo alilokuja nalo. Kumtolea kitu anachokipenda ili kazi yangu iwe rahisi, hapana.

Tukachagua njia ya kati, adapta ya FM ya waya. Hiki ni kiboksi kidogo unakichomeka nyuma ya redio ya gari, antena ya gari inaingia kwenye kiboksi, kiboksi kinaingia kwenye redio, na redio ya setilaiti inaleta sauti yake humohumo kwa waya. Ikiwashwa, kiboksi kinaifungia nje antena ya gari, kwahiyo stesheni za Chicago hata zikirusha wati ngapi hazina mlango wa kuingilia. Bado ni FM, sauti nyembamba zaidi ya AUX kwa masikio makali, ila kwa maneno na mpira ni safi kabisa na haibadiliki ukivuka jimbo. Kitu kimoja watu wanasahau ni kupanga kiwango cha sauti kwenye menyu ya redio ya setilaiti. Ukikiweka juu sana inapasuka, ukikiweka chini sana unapandisha sauti ya gari na kupandisha uchafu pamoja nayo. Cheza CD kwanza, sikiliza ukubwa wake, halafu linganisha.

Yule anayechagua AUX kupitia tundu la kibadilisha CD nyuma ya redio, njia hiyo ipo kwa Toyota nyingi za miaka hiyo na sauti yake ni nzuri kuliko hii, lakini ajiandae na mluzi. Redio ya setilaiti ikichukua ethi yake sehemu moja na redio ya gari sehemu nyingine, tofauti ndogo ya volti kati ya hizo sehemu inatembea kwenye waya wa sauti na unasikia jenereta linaimba. Dawa ya kwanza ni kuzipa zote ethi moja, na ikishindikana ndo unaweka kile kitenganishi chenye transfoma ndogo katikati ya waya wa sauti.

Imebaki ile ya kuzima kwenye mashimo, na hii ilikuwa fupi. Tundu la kiberiti cha sigara la gari lenye miaka zaidi ya 20 limelegea, bati la ndani limepoteza mkazo, plagi inacheza. Lakini kuna hatari hapa nataka niiseme kwa sauti. Mtu anaona plagi inacheza, anaikata, anaunga waya moja kwa moja kwenye umeme wa gari. Kwenye hizi redio ile plagi sio plagi tu. Ndani yake kuna kishusha umeme, kinachukua volti 12 za gari na kutoa 5, kwa redio kama hii ya mzee. Ukikata plagi umekitupa kishusha umeme, na volti 12, ambazo injini ikiwa inazunguka ni 14 na kitu, zinaingia kwenye kitu kinachotaka 5. Harufu utaisikia kabla hujafunga mlango. Na usiazime chaja ya redio nyingine ya setilaiti kwa kuwa tundu linafanana, zimetoka matoleo yenye volti tofauti.

Nilichofanya ni kufunga tundu jipya la kike la kiberiti nyuma ya dashibodi, nikalipa umeme wake na fyuzi yake, nikachomeka plagi ileile ya redio mle na kuifunga kwa tai isichomoke. Umeme nilichukua kwenye waya wa kuwaka na swichi, ili redio izime mzee akitoa funguo na isimnyonyee betri usiku, maana majira ya baridi ya Iowa betri haina cha kutoa sadaka. Nyuma ya redio za Toyota za enzi hizo waya wa kijivu ndo wa swichi, bluu yenye mstari wa njano ni wa kudumu, kahawia ni ethi. Ila usiamini rangi, gari la zamani limepita mikono mingi, pima kwa multimita: funguo zikiwa nje waya wa swichi usome sifuri, ukizungusha kwenye ACC, ile hatua ya funguo inayowasha redio bila injini, usome 12. Ethi niliichukua palepale redio ya gari inapochukua yake.

Baada ya hapo ni kuamsha usajili tena, kwa sababu redio ilikaa imezimwa muda. Nenda chaneli 0, namba ya redio inatokea, kwa hii ni herufi na tarakimu nane. Namba hizo hazitumii herufi I, O, S wala F, kwahiyo ukiona kitu kama O ni sifuri na kama S ni tano, andika hivyo usibishane na mtu wa simu. Amri ya kuifungua inakuja kutoka setilaiti yenyewe, kwahiyo gari liwe nje, redio iwe imewaka na ipo chaneli 1, sio gereji chini ya bati halafu unalalamika haifunguki.

Jaribio lilikuwa I-35 kuelekea kaskazini mpaka tuupite mji wa Ames, mzee akiendesha na mimi nimeangalia ukurasa wa mawimbi. Mstari wa setilaiti haukushuka. Tukapita mashimo kwa makusudi, skrini haikuzima. Baadaye aliporudi kutoka Salt Lake akaniambia imekata sehemu chache tu, chini ya paa la sheli akiwa anajaza mafuta, kwenye lile handaki la Green River kule Wyoming, na kwenye korongo la Parleys akikaribia Salt Lake ambako mlima unasimama upande wa kusini. Hizo hazina fundi, mlima ukikaa kati yako na setilaiti umekaa. Theluji nzito yenye maji ikilala juu ya antena nayo inapunguza, afute tu anapofuta kioo.

Kuna watu wa nyumbani huwa wananiuliza kuhusu magari ya Marekani yanayoletwa Afrika Mashariki yakiwa na hii redio ndani, kama inaweza kuwashwa. Haiwezi. Setilaiti hizi zinarusha kuelekea Marekani Kaskazini, huko kwetu itaandika haina mawimbi maisha yote, na hakuna fundi wa kuibadilisha, msilipe mtu anayewaahidi hivyo. Afrika ilikuwa na ya kwake na wala haikuwa ya kuiga, WorldSpace ya Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, waliirusha AfriStar mwaka 1998, kabla XM wala Sirius hawajaanza kutangaza. Ilifilisika 2008. Mimi hilo bado linaniuma.

Kimoja cha mwisho kuhusu hii Camry, na ningeomba kila anayefunga adapta ya waya amwambie mteja wake. Ile adapta ikiifungia nje antena ya gari inafunga na AM pia, sio FM peke yake. Iowa ni nchi ya vimbunga, na derecho, dhoruba ya upepo mkali unaosafiri mbali, ya tarehe 10 Agosti 2020 wanaikumbuka wote waliokuwepo. Tahadhari za kaunti yako unazipata kwa uhakika kwenye stesheni za hapohapo, sio kwenye chaneli ya nchi nzima. Kwahiyo nilikaa na mzee kwenye gari tukajaribu pamoja: zima redio ya setilaiti, antena inarudi yenyewe, bonyeza AM, 1040, stesheni ya WHO ya Des Moines ikaingia safi. Nikamwomba arudie mwenyewe bila mimi kushika kitu, akarudia, halafu akaihifadhi 1040 kwenye kitufe cha kwanza cha AM.